Picha Tisini na Sita

(Hotuba ya Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Wilaya ya Nong Takhop, Bwana Phanuwat, siku ya uzinduzi wa Kituo cha Wilaya cha Kugeuza Filamu kuwa Video ya Kidijitali ya Ubora wa Juu. Imenakiliwa na mimi Sumali, karani wa masjala, niliyeagizwa kuandika kila neno na kuhesabu makofi yote.)

Mheshimiwa Bi. Ratchani, Mwakilishi wa Mkuu wa Mkoa, uliyeiacha ofisi yako yenye kiyoyozi ukaja kutoka jasho pamoja nasi. Mtukufu Abate wa hekalu letu. Waheshimiwa wakuu wa vijiji vyote kumi na kimoja, pamoja na yule wa kijiji cha kumi na mbili ambaye bado tunabishana kama kijiji chake kipo. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi. Katibu wa kamati hiyo hiyo, ambaye ni mimi pia kwa kukaimu. Mwalimu mkuu na bendi yako, ambayo naomba isipige tena mpaka niseme. Akina mama wa kikundi cha kusuka mikeka. Kaka Heng muuza barafu, mdau wetu mkubwa, ambaye namwona anatazama saa. Na kwa unyenyekevu wa pekee, Baba Mlinzi wa Nong Takhop, roho ya mji wetu, ambaye hatumwoni lakini kiti chake kiko pale mbele na soda yake nyekundu tumeshaifungua na kuitia mrija: itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya kwanza. Yalianzia kwa watumishi wa wilaya.)

Ndugu wananchi, leo ni siku ambayo wajukuu zenu watawauliza mlikuwa wapi, nanyi mtawajibu kwa kifua mbele kwamba mlikuwa ukumbini, mmekaa kwenye viti vya plastiki, mkimsikiliza Naibu Mkuu wa Wilaya akizindua kile mnachokiona hapa nyuma yangu, chini ya kitambaa hiki cha hariri ya zambarau, kilichovishwa mashada matatu ya yasmini na utepe nitakaoukata wakati mwafaka ukifika, wakati ambao haujafika. Hii, ndugu zangu, ndiyo mashine. Kuna watu walisema mashine haitakuja. Nawajua kwa majina. Siwataji, ila wawili wamekaa karibu na feni.

(Kicheko. Waliokaa karibu na feni walihama.)

Naomba niwaelimishe kidogo kiteknolojia. Filamu ni utepe wenye picha ndogo ndogo, ishirini na nne kwa kila sekunde, kwa hiyo sinema ya saa mbili ina picha laki moja sabini na mbili elfu na mia nane, nilizozihesabu mwenyewe kwa kikokotoo mbele ya mashahidi. Mashine hii huichukua picha moja, huiangazia taa, huikagua, huifuta vumbi, huiondolea mikwaruzo, huiongezea pikseli, kisha huipa ruhusa ya kupita na kuiita inayofuata, utaratibu ambao, msiniambie nimejisifu, ni uleule ninaoutumia mimi kuwahudumia wananchi dirishani.

(Sauti kutoka nyuma: "Ndiyo maana foleni haiishi!" Kicheko kirefu. Hakuna makofi.)

Asante kwa mchango wako. Mchakato huu ulikuwa shirikishi tangu mwanzo. Tulifanya upembuzi yakinifu. Tukafanya upembuzi wa ule upembuzi. Tukaunda kamati, na kamati ikazaa kamati ndogo tatu, na moja ya hizo, naona fahari kusema, imeshakutana. Tulikwenda ziara ya mafunzo pwani kujifunza jinsi unyevu wa bahari unavyoathiri filamu, tukakaa siku tano, tukathibitisha kwamba bahari ina unyevu. Leo ninaposimama hapa mradi umekamilika kwa asilimia tisini na nane, kama nilivyoandika kwenye ripoti kwenda mkoani, ripoti ambayo nadhani ndiyo iliyomleta Mheshimiwa Bi. Ratchani hapa, ingawa kwa kweli nilitegemea ingebaki kwenye faili.

(Makofi ya pili. Bibi Lamduan, mtia sauti wa sinema, umri miaka themanini na mmoja, mstari wa mbele, alinyanyua kipepeo chake cha kujipepea: "Wewe Chura! Makopo yangu tisa ya filamu yako wapi?")

Shangazi Lamduan, shikamoo. Naomba tu, kwa heshima ya jukwaa, tutumie cheo changu. Hilo jina la Chura ni la utotoni.

("Mimi ndiye niliyekupa. Ulikuwa na mdomo mpana na sauti kubwa. Makopo yangu yako wapi?" Kicheko. Abate aliinamisha kichwa akapanguza miwani kwa muda mrefu.)

Suala la makopo linakuja kwenye ukurasa wa kumi na tisa. Lakini kwa faida ya mgeni wetu, acha nieleze. Mheshimiwa, miaka hamsini na saba iliyopita walikuja watu wa picha kutoka mji mkuu, wakapiga sinema nzima hapa Nong Takhop, wakamtumia kila mtu: aliyepanda mpunga alipanda mpunga, aliyeuza tambi aliuza tambi, na siku ya maandamano ya hekalu mji mzima ulipita mbele ya kamera. Hakuna familia hapa ambayo haina marehemu wake ndani ya sinema ile, anatembea, anacheka, anajikuna. Watu wa picha walifilisika, nakala nyingine zikapotea, ikabaki hii moja aliyokuwa nayo Shangazi. Kama mnavyojua, sinema za siku zile zilikuwa bubu, na mtia sauti alisimama kando ya pazia na kipaza sauti akawasemea wote. Shangazi Lamduan alimsemea shujaa, mchumba, jambazi, kichanga na nyati.

(Bibi Lamduan: "Nyati nilimsemea vizuri kuliko shujaa." Makofi ya tatu. Haya hayakuanzia kwa watumishi.)

Miaka mitatu iliyopita makopo yakaanza kunuka siki, ambayo ni dalili kwamba filamu imeanza kuoza, na Shangazi akaja ofisini kwangu akaniambia: Chura... akaniambia: Mheshimiwa, okoa watu wetu. Nikayapokea kwa mikono yangu miwili. Nikasaini. Nikaahidi kwamba serikali itayageuza kuwa video ya ubora wa juu kiasi kwamba mtaona mpaka mbu. Na tangu siku hiyo, niulizeni, nimelala?

(Wananchi, kwa pamoja: "Umelala!")

Nawashukuru kwa mwitikio. Sasa, matokeo. Picha zimesafishwa kwa asilimia mia moja na kumi. Rangi zimerudi, kijani kimekuwa kijani kuliko mpunga wenyewe. Na jambo ambalo hata wataalamu wa nje wamelishangaa, sauti! Sauti yote imechujwa, mikwaruzo imeondolewa, vikohozi vya watazamaji wa zamani vimefutwa kimoja kimoja, na sasa ukisikiliza mazungumzo ya sinema ile utadhani shujaa yuko jikoni kwako anaomba wali.

(Hata bendi ilinyamaza, na ilikuwa haipigi. Kisha Bibi Lamduan akasimama, akasema polepole: "Chura. Filamu ile haina sauti. Umetoka kusema mwenyewe. Sauti ilikuwa mdomoni mwangu. Hiyo mashine yako ilinichuja lini?" Kicheko kilichodumu, kwa saa yangu, dakika moja na nusu. Kaka Heng alicheka akiendelea kutazama saa.)

Naam. Kuna... kuna hitilafu ndogo ya kiuhariri katika ukurasa wa kumi na sita. Nilikusudia sauti kwa maana pana. Tuendelee.

(Mama mmoja wa mikeka: "Mheshimiwa, mashine inatoa maji!" Ni kweli, maji yalikuwa yanashuka chini ya kitambaa cha zambarau na yameshafika kwenye kiatu cha mwalimu mkuu.)

Hayo maji, mama, naomba yasizue taharuki. Mashine za ubora wa juu hupata joto jingi, kwa hiyo zimewekewa mfumo wa upoozaji. Maji yakitoka ujue mashine inafikiri.

(Bi. Ratchani: "Basi ifungue tuone inavyofikiri." Makofi ya nne, makubwa.)

Itafunguliwa, Mheshimiwa, itafunguliwa, ila itifaki inanitaka kwanza nitoe takwimu, kwa sababu mashine bila takwimu ni sanduku tu. Kopo la kwanza lina picha elfu kumi na tisa na mia mbili. Kopo la pili vilevile. Kopo la tatu lina mkwaruzo wa kijani upande wa kushoto. Kopo la nne, dakika ya sita, pale maandamano yanapokata kona ya duka la dawa, anapita mama mwenye vikapu viwili na mti begani, anageuka, anatazama kamera, anasema kitu, anapita. Sekunde nne. Picha tisini na sita. Katika picha ya arobaini na moja upepo unamwangushia unywele usoni, na ya sitini na...

(Hapa Mheshimiwa alikunywa maji. Karatasi zote ishirini na tatu alikuwa amezishika, na hakuwa anazisoma.)

Hizo ni takwimu za mfano tu.

(Bibi Lamduan, kwa sauti ya chini lakini iliyozoea kusikika bila kipaza sauti: "Umeiona lini, Chura? Kama filamu iko kwenye mashine, umeionea wapi?" Alijibu Mzee Bunluea, mwonyesha sinema wa zamani, ambaye masikio yake yamechoka na hivyo huongea kwa kelele: "Filamu? Si iko kibandani kwa Baba Mlinzi, pale anapowekewa sadaka! Chini ya feni! Namwonyeshea pale kila mwaka, Mheshimiwa anakaa nyuma peke yake! Alisema ni siri!")

(Sikuhesabu chochote. Kila mtu aligeuka kutazama kile kiti kitupu chenye soda.)

Mzee Bunluea. Asante. Ndugu wananchi, taarifa hii imetolewa kabla ya muda wake, lakini kwa kuwa utawala bora ni uwazi, naomba niiweke katika muktadha. Ni kweli kwamba miaka mitatu iliyopita, kabla ya uteuzi wangu, nilikwenda kwa Baba Mlinzi kama anavyokwenda kila mtu hapa mwenye mtihani, mgonjwa au tikiti ya bahati nasibu, nikaweka nadhiri kwamba nikipata unaibu nitamwonyesha sinema makopo tisa kila mwaka mpaka nistaafu. Nikaupata. Na nadhiri ni nadhiri, siwezi kumwambia Baba kwamba suala lake linashughulikiwa kama ninavyowaambia ninyi. Video hataki, wazee wote mmeniambia hivyo, anataka utepe uzunguke na taa iwake. Filamu katika mji mzima ilikuwa hiyo tu. Kwa hiyo makopo yalipoletwa ofisini niliya... niliyaelekeza kwingine kimkakati. Na naomba ieleweke kwamba yametunzwa! Baba ana feni mbili na kivuli siku nzima, masjala yangu haina hata dirisha. Muulizeni Sumali.

(Nathibitisha.)

Mzee Bunluea huyafungua kila mwezi yapigwe upepo. Siki haijaongezeka. Katika utumishi wangu wote hilo ndilo jambo pekee lililofanyika kwa wakati.

(Bibi Lamduan: "Kwa hiyo umemwonyesha Baba sinema bubu. Miaka mitatu." Kisha: "Na mbwa amekung'ata mara ngapi tangu uwe naibu?")

Mara tatu, Shangazi.

("Paa la ofisi?")

Liliruka mwaka jana.

("Na cheo kingine?" Wananchi: "Hajapata!" Bibi Lamduan aliketi, akajipepea: "Mimi ningekuwa roho nikaonyeshwa midomo inacheza bila neno, nisingetuma mbwa. Ningetuma nyati." Kicheko, makofi ya tano, na mkuu wa kijiji cha kumi na mbili alipiga mluzi.)

(Wakati huo Kaka Heng alipanda jukwaani. Alimwinamia Abate, akamwinamia Bi. Ratchani, akasema, "Mheshimiwa, nisamehe sana, tulikubaliana saa tisa, inayeyuka yote," akavuta kitambaa cha zambarau bila utepe kukatwa. Chini yake kulikuwa na sanduku lake la barafu, lenye picha ya nazi pembeni, na juu yake imewekwa taa ya mezani ya masjala, ambayo nimeitafuta tangu Jumatatu.)

(Bi. Ratchani: "Kwenye ripoti niandike nini?" Sauti kutoka nyuma: "Andika barafu!" Bi. Ratchani aliandika. Kisha akasema, na kila mtu alimsikia: "Mji mkuu kuna hifadhi ya filamu, Naibu Mkuu. Wana mashine ya kweli. Wanapokea filamu za miji kama huu kila wiki, wanazigeuza, nakala wanarudisha. Kinachotakiwa ni barua moja.")

Barua moja?

("Ya ukurasa mmoja. Na mtu wa kurekodiwa sauti, kama yupo hai.")

(Mheshimiwa alizitazama karatasi zake ishirini na tatu. Akaziweka juu ya sanduku la barafu, zikaanza kulowa, naye akaziacha. Yanayofuata hayakuwa yameandikwa popote, na aliyasema haraka.)

Ndugu zangu. Nina miaka hamsini na minane, nitastaafu nikiwa na sitini. Wakati watu wa picha wanakuja nilikuwa wa mwaka mmoja. Mama yangu alikufa nina miaka mitano na hatukuwa na picha yake hata moja, nyinyi mnajua, nyumba yetu iliungua. Sauti yake siikumbuki. Nimejaribu. Nakumbuka harufu ya vikapu basi. Mimi nadhiri ile ningeweza kuweka ya kumpa Baba kichwa cha nguruwe kama wenzangu, au ya kumletea wacheza ngoma. Niliweka ya sinema kwa sababu nilijua ni ipi itakayotumika. Mara tatu nimekaa nyuma ya viti vitupu vya Baba, nimemwona anageuka, anasema kitu, anapita, na sijui anasema nini. Nimejifunza kusoma midomo kwenye kioo. Nimeona aibu kumuuliza Shangazi kwa sababu ningemuuliza angejua makopo yako wapi, na angejua angeyachukua, ndipo nikaunda kamati. Kamati zote zile, jamani, zilikuwa za kumkwepa bibi mmoja. Na kama nilivyoongopa kwenu, niliongopa mkoani. Nimeona aibu. Hiyo andika, Sumali.

(Nimeandika.)

("Mpumbavu wewe," akasema Bibi Lamduan, "si ungekuja tu ule wali uulize. Mama yako nilikaa naye jikoni, nikamuuliza alisema nini pale, nikamsemea vilevile neno kwa neno kila nilipoonyesha. Bunluea! Lete kopo la nne. Na nyie fungeni madirisha." Akina mama walichukua mikeka yao wakaziba madirisha. Mzee Bunluea alikwenda kibandani, pale nje ya ukumbi, akarudi na mtambo wake kwenye toroli na kopo likiwa kwapani. Kaka Heng, kwa kuwa barafu ilikuwa inakwenda hata hivyo, alianza kuikwangua na kuimiminia sharubati nyekundu, akagawa mstari kwa mstari. Kikombe cha kwanza kilikwenda kwenye kiti cha Baba Mlinzi.)

Wakati mtambo unafungwa, itifaki bado inanitaka nihitimishe, nami nahitimisha. Nong Takhop oyee!

("Oyee!")

Ubora wa juu, juu zaidi!

("Juu zaidi!")

Makopo tisa, barua moja!

("Barua moja!" Makofi ya sita.)

Natoa shukrani. Namshukuru Kaka Heng kwa kutuazima kituo kizima cha kidijitali, ambacho naomba kioshwe kabla hakijarudi dukani. Naishukuru masjala kwa taa. Nazishukuru kamati ndogo tatu, ambazo wajumbe wake walikuwa mimi, dereva wangu na shemeji yangu. Nawashukuru wataalamu wa nje walioishangaa sauti, ambao hawajazaliwa. Naushukuru mradi wenyewe, ambao katika miaka mitatu haukumsumbua mwananchi hata mmoja, kwa sababu haukuwahi kuwepo hata siku moja. Mheshimiwa Bi. Ratchani, barua nitaiandika leo kabla sijavua viatu, nawe ukitaka kunisimamisha kazi, nakuomba unisimamishe baada ya kopo la nne. Shangazi Lamduan, kipaza sauti hiki hapa. Nimekishika muda mrefu kupita kiasi.

(Taa zilizimwa. Bibi Lamduan hakuketi, alisimama kando ya pazia kama zamani, akakohoa mara moja. Utepe ulianza kuzunguka. Maandamano yalikuja barabarani na ukumbi mzima ukaanza kuita majina: yule babu, yule dada, mwone huyo anavyojikuna. Bibi Lamduan aliwasemea wote, mzee kwa sauti ya mzee, msichana kwa sauti ya msichana, na alipopita nyati alimsemea vizuri sana. Kisha maandamano yakakata kona ya duka la dawa. Mama mwenye vikapu akageuka, unywele ukamwangukia usoni, na kutoka gizani ikaja sauti ya mwanamke kijana mwenye haraka na hasira kidogo:)

("Nyie watu wa picha, malizeni basi! Nina mwanangu nyumbani hajala tangu asubuhi, na huyo akilia anasikika mpaka wilayani!")

(Akapita.)

(Makofi ya saba sikuyahesabu, naomba radhi kwa uongozi, mikono yangu ilikuwa inapiga. Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Wilaya alikuwa amekaa sakafuni kando ya kiti cha Baba Mlinzi, kikombe cha barafu mkononi. Alilia, na kweli alisikika.)